Ndoo ya Ijumaa

Huu ni mwaka wa tatu tangu nistaafu, na bado siwezi kufungua chupa ya jemu bila kwanza kuinua kifuniko kwenye mwanga kutafuta ukungu. Mume wangu hunicheka. "Mama Zuhura, hiyo ni jemu ya nanasi tu, hakuna mtoto humo ndani." Acheke. Miaka ishirini na minane niliyofanya kazi kwenye maabara ya kuotesha mimea ndani ya chupa, upande wa Elerai, ilinifundisha mambo mengi ambayo nimeshayasahau. Hofu ndiyo iliyobaki.

Wiki iliyopita mmoja wenu mlioipokea kazi yangu maabarani, Neema, binti mwenye adabu na mkono mtulivu, alinitumia picha kwenye simu. Chini yake aliandika, "Shikamoo Mama. Ona tulivyoipendezesha rafu yako ya osokonoi!" Nikaivuta picha ikawa kubwa. Chupa zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, na ndani ya kila chupa kulikuwa na donge jeupe, laini, limeumuka vizuri. Nilitafuta la kahawia hata moja, sikuliona. Chai ilinipoa mkononi. Nilipiga simu palepale.

"Neema, yale ya kahawia yako wapi?"

"Yapo, Mama. Tumeyashusha rafu ya chini, yalikuwa yanaharibu picha."

Nilikaa chini. Nilimwambia asiyaguse, yeye wala mwenzake yeyote, mpaka nimalize kuandika haya. Basi, wanangu, ndiyo haya. Mkiona nimeruka huku na huko, vumilieni. Nilizoea kushika kisu na koleo, kalamu sikuizoea.

Baadhi yenu mmeingia kazini mkakuta madonge yapo tayari, kwa hiyo nianze na mti. Osokonoi ni mti wa huku kwetu milimani, na jina hilo ni la Kimaa. Gome lake na majani yake yanawasha kuliko pilipili, na watu huchemsha gome kwa ajili ya kifua, tumbo na homa. Ule ukali ndio tuliokuwa tunautafuta, kwa sababu ndiyo dawa yenyewe. Shida ni kwamba gome ni ngozi ya mti. Ukivua kipande, mti unapona. Ukivua kuzunguka shina lote, umeuua, hata kama majani yatabaki kijani miezi kadhaa. Kazi yetu ilikuwa kuchukua kipande kidogo cha kijiti kichanga, kukiosha mpaka kisiwe na mdudu, kukilaza kwenye chakula ndani ya chupa, na kukibembeleza mpaka kitoe donge la chembe hai. Donge lile ukiligawa linakua, ukiligawa tena linakua tena. Tulitaka madonge yatengeneze dawa ili mlimani watu wauache mti upumue.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Elisante, Mchaga wa Machame, mzee wa kanisa, mwembamba, asiyecheka siku za kazi. Kile chakula cha chupa yeye ndiye aliyekiita uji, na mpaka leo nasikia ninyi nanyi mnakiita uji. Siku yangu ya kwanza aliniuliza kama nimejipaka manukato. Nikasema kidogo tu, na udi nimefukiza nguo, kama tulivyolelewa nyumbani. Akanirudisha nyumbani nikaoge. "Dada, humu tunaingia tukiwa hatunuki chochote," alisema. Tena mbele ya kabati la hewa safi, tulimofungulia chupa, hakuruhusu mtu aongee, maana kila neno linatoka na mate. Tulizungumza kwa nyusi. Nyusi zake zikipanda, ujue umepitisha mkono juu ya chupa iliyo wazi. Zikishuka zote mbili, ujue chupa hiyo imekufa na wewe ndiye uliyeiua.

Niwaambie ukweli kuhusu hofu ya kazi hii, maana hakuna aliyeniambia mimi. Ukikosea leo, huoni leo. Chupa inakaa inang'aa siku tatu, siku tano, halafu asubuhi moja unakuta unywele mmoja wa ukungu umelala pembeni ya donge. Basi kila asubuhi nilipofika mlangoni pa chumba cha kuoteshea, nilisoma dua kabla sijashika kitasa. Ngoja ngoja yaumiza matumbo, na kazi yetu yote ni kungoja. Siku hizi mna kidude kinachowatumia ujumbe umeme ukikatika. Sisi tulikuwa tunajua umeme umekatika kwa kukuta chumba kina joto na madonge yanatoka jasho.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuua. Wiki nzima, chupa zilizoingiliwa na ukungu, zilizozeeka na zilizogeuka rangi, tulizitia kwenye ndoo moja kubwa ya bluu yenye kifuniko. Ijumaa asubuhi tuliziingiza zote kwenye lile sufuria kubwa la mvuke, ndipo tuzifungue na kuziosha. Mambo yote ninayowasimulia yanaizunguka ndoo ile.

Vijiti vya osokonoi tulipewa na mwanamke mmoja wa Kiarusha aliyekuwa akiuza dawa za miti katika soko la Kwa Mrombo. Aliitwa Nasieku, lakini kila mtu alimwita Koko, yaani bibi. Tulimkuta ameketi nyuma ya mafungu yake ya magome na mizizi. Elisante aliuliza maswali ya kitaalamu, Koko hakujibu hata moja. Alivunja kipande cha gome kama ukucha, akaninyooshea mimi.

"Tafuna."

Nikatafuna. Sikusikia kitu. Nikamwambia, "Koko, mbona ni kama kuni tu?"

"Ngoja. Hii haina haraka kama pilipili ya duka."

Nilihesabu kichwani, nikafika saba, nane. Nilipofika kumi moto ukanishika ulimi, ukapanda puani, machozi yakanitoka mbele ya soko zima. Koko alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Alitupeleka shambani kwake, juu kidogo ya Olmotonyi. Mti wake ulikuwa mpakani mwa shamba, mkubwa, aliachiwa na mama mkwe wake. Kwenye shina ulionekana utaratibu wake wote wa maisha. Alivua upande mmoja tu kwa msimu, kipande kisichozidi kiganja, akapaka kinyesi cha ng'ombe juu ya kidonda, na hakuvua tena mpaka kidonda kijifunge. Wateja walimsema kwamba ana gome kidogo. Aliwajibu kwamba mti ni wake, wao wana pesa tu. Na wote waliowahi kununua kwake walijua kwamba mti ule ulikuwa mkali kuliko mingine.

Alipotukatia vijiti aliuliza, "Nyie mkikosa kule kwenu, mnarudi kuchukua. Mimi nikikosa?"

Elisante alianza kueleza kwamba utafiti una hatua. Mimi nikamkatiza, na mdomo wangu ulivyo mwepesi, nikasema, "Koko, ukikosa wewe, sisi tutakurudishia."

Alinitazama sana. "Wewe ndiye umesema," akasema. "Si huyu."

Haikupita miezi mitano mti ule ukavuliwa. Koko alikuwa amekwenda msibani, aliporudi alikuta shina liko uchi kuanzia chini hadi anapofika mtu aliyepanda ngazi. Watu wasiojulikana walijaza magunia yao, wakaondoka. Alipaka kinyesi pale alipofikia, alifunga matambara, lakini kidonda kinachozunguka shina lote hakina dawa. Majani yalibaki miezi kadhaa kama kawaida, halafu yakaanza kuanguka. Kuanzia hapo, uhai uliobaki wa mti ule ulikuwa kwenye rafu yangu, ndani ya chupa.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Madonge hayafanani. Yametoka kijiti kimoja, lakini moja linakuwa jeupe, laini, linajaa chupa kwa wiki tatu. Jingine linakuwa la kahawia, gumu, lenye vinundu, mwezi mzima linasogea kidogo tu. Kila mwezi nilikuwa nayagawa kwenda uji mpya, na kila mwezi nilichagua. Nani asingechagua? Nilichukua meupe. Ya kahawia niliyaona kama wagonjwa, nikayatia kwenye ndoo ya Ijumaa. Mwezi baada ya mwezi rafu yangu ikapendeza. Watu wa chumba cha kuoteshea migomba walikuja kuitazama. Hata Elisante alisimama siku moja, nyusi zikapanda kidogo kwa namna nzuri, na mimi nikavimba kichwa wiki nzima.

Kupima dawa tulikuwa tumepima mara moja tu, mwanzoni kabisa. Mashine ilikuwa Dar es Salaam, na majibu yalichukua muda hadi unasahau swali. Majibu ya kwanza yalisema madonge yana ukali. Mwaka uliofuata Elisante aliuliza kama tutume tena. Mimi ndiye niliyesema, "Ya nini, Kaka? Si ni donge lilelile?"

Ikaja siku ya wageni wakubwa. Ilikuwa Alhamisi. Tulipiga deki mpaka sakafu ikawa inateleza. Koko naye alialikwa, kwa heshima ya mti wake, akaja amevaa shuka mpya na shanga zake zote. Nilimsalimia, "Takwenya, Koko," akaitikia, "Iko," akanishika kichwani. Nilimpelekea chupa nzuri kuliko zote. Nilimwambia, "Huu hapa mti wako."

Akaigeuzageuza. Akauliza, "Huu?"

"Ndiyo, Koko. Haujafa."

Kabla nyusi za Elisante hazijafika popote, Koko alikuwa ameshafungua kifuniko, akachovya vidole viwili, akamega, akatia mdomoni. Mgeni mmoja aliguna. Elisante alinyoosha mkono, akachelewa. Koko alifumba macho, akatafuna polepole, kisha akangoja. Na sisi wote tukangoja. Mimi nilikuwa nahesabu. Kumi ikafika. Nikajiambia labda kwenye uji ukali unachelewa. Kumi na tano. Ishirini. Uso wake haukubadilika.

Koko alifungua macho, akanirudishia chupa.

"Hiki ni chakula," alisema. "Umenenepesha. Mti wangu siuoni hapa."

Wageni walicheka wakidhani ni utani wa kizee. Elisante hakucheka. Mmoja wao alipouliza kama kuna tatizo, alijibu, "Kama lipo, ni langu. Mimi ndiye mkuu wa chumba." Nami nilikuwa nimesimama pale pale kando yake, najua kabisa ni nani aliyechagua meupe miezi yote ile, na nikanyamaza. Hilo bado linaniuma. Nilimwambia baadaye, lakini baadaye si sawa na pale pale.

Wageni walipoondoka alivua koti, akalitundika, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Ya kahawia unayapeleka wapi?"

"Ndoo ya Ijumaa."

"Na leo ni lini?"

Nilikimbia. Ndoo ilikuwa mahali pake kando ya sufuria la mvuke, imejaa. Kama Koko angekuja siku moja baadaye, yote yangekuwa yamechemka.

Tulizipanga chupa za osokonoi sakafuni. Zilikuwa kumi na tisa. Kumi na nne zilikuwa na ukungu, nyingine wa kijani, nyingine mweusi, na hizo hata kuzifungua ni kuhatarisha chumba kizima. Zilibaki tano ambazo kwa macho zilikuwa safi. Elisante alizifungua mbele ya kabati moja moja, mimi nikiwasha taa ya spiriti. Kutoka kila donge alihamisha sehemu kubwa kwenda uji mpya, na punje moja akaiweka pembeni. Kisha yule mzee, aliyewahi kumfukuza mtu kazi kwa kula karanga kwenye korido, akatia punje ya kwanza mdomoni. Ninyi msithubutu, mna mashine chumba cha pili, itumieni. Akatazama saa. Hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu. Ya tatu alikaa muda mrefu, nikaona jasho linamtoka juu ya mdomo. Akatikisa kichwa juu na chini, hakuweza kusema. Ya nne ilikuwa na ukali kidogo. Ya tano hakuna.

Kwa hiyo tulikuwa na chupa mbili za mti wa Koko duniani kote. Siku ya sita ile ya nne ikaota unywele wa ukungu. Ikabaki moja.

Sitawaeleza wiki zile zilivyokuwa. Nilikuwa nakwenda kuiangalia asubuhi, adhuhuri na kabla ya kuondoka, mpaka Elisante akanikataza kuingia zaidi ya mara moja kwa siku kwa sababu kila nikifungua mlango naingiza vumbi. Nilikuwa naswali na akili iko kwenye rafu. Donge halikukua kwa wiki tatu. Wiki ya nne likatoa kinundu kimoja, cha kahawia, kibaya kweli kweli. Sijawahi kupenda kitu kibaya namna ile.

Kwenye kinundu kile ndiko yalikotoka yote mliyo nayo. Na ndipo tulipojifunza yale ninyi mnayofundishwa siku ya kwanza kana kwamba yalikuwepo tangu zamani. Donge lililoshiba halitengenezi dawa, linatengeneza mwili. Likuzeni kwanza kwenye uji mzito, kisha mlihamishie uji mwepesi, lihangaike kidogo, libadilike rangi, hapo ndipo ukali unakuja. Pimeni kila mnapogawa. Na kabla ya kutupa kilicho kibaya, kijueni kwanza kinatupwa kwa kosa gani.

Nilikwenda Kwa Mrombo kumpelekea Koko habari. Nilijieleza mwanzo hadi mwisho, bila kumtaja Elisante. Alisikiliza, akipanga mizizi yake. Nilipomaliza kwa kusema kwamba dawa imerudi, imepimwa, ipo, aliuliza neno moja tu.

"Na mti?"

Donge si mti. Tulijaribu kulifanya litoe majani miaka mingi, kwa uji wa kila aina, na lilitukatalia. Elisante alistaafu likiwa bado linatukatalia. Kila nilipopita sokoni nilizunguka upande wa ng'ombe ili nisipite mbele ya Koko, mtu mzima mimi, najificha nyuma ya ng'ombe.

Miaka miwili kabla sijastaafu, chupa moja kati ya mamia ilitoa ncha ya kijani. Sikumwambia mtu siku nne, niliogopa kuisema. Ilipata majani mawili, ikakaa mwaka mzima kabla ya kutoa mizizi, tukaizoesha hewa ya nje chini ya mfuko wa plastiki, tukafungua mfuko dakika tano, kesho kumi. Nilistaafu mche ukiwa na urefu wa kidole. Ninyi mkautunza, Mungu awalipe. Mwaka jana, mvua za masika, niliupanda kwa mikono yangu pale Olmotonyi, hatua chache kutoka kwenye kisiki.

Sasa umenifika kiunoni. Na tangu siku nilipoupanda nimekuwa na swali moja lililoninyima raha, je, ni mkali? Mti uliopita kwenye chupa miaka yote hiyo unaweza kuwa na sura ya osokonoi na ndani yake hamna kitu. Ningeweza kuwaletea jani mlipime. Sikuleta. Niliogopa majibu.

Jumamosi iliyopita, siku tatu baada ya ile picha ya Neema, nilipanda kwenda kumwona Koko. Amezeeka sana, anatembea ameshika ukuta, meno yamebaki ya kuhesabu. Tulikwenda polepole hadi kwenye mti. Akachuma jani moja. Nilidhani atalitia mdomoni mwake. Akaninyooshea.

"Wewe ndiye ulisema utarudisha. Tafuna wewe."

Nikatafuna. Nikaanza kuhesabu. Tano, sita. Koko ananitazama. Kumi ikafika na ulimi wangu ulikuwa baridi. Kumi na moja. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia. Kumi na tatu, nikasikia kitu kidogo pembeni ya ulimi, nikadhani ni hofu yangu. Halafu ukapanda puani kama siku ile ya kwanza sokoni, macho yakajaa, nikakohoa, nikashika magoti. Nililia, wanangu, na sikujua kiasi gani kilikuwa cha dawa.

Nilipoinuka nilinyoosha mkono nichume jani jingine, nihakikishe. Koko akanipiga kibao kwenye mkono.

"Acha," alisema. "Wacha ukue."